Simu za ofisi zinasumbua? Pima kabla ya kuizima seva

Jumatatu saa tatu asubuhi, dada wa mapokezi anakupigia kwa simu yake ya mkononi: "Kaka, simu za huku leo hazieleweki." Unapofika, bosi ameshasimama mlangoni mwa chumba cha seva, na agizo lake ni lile la siku zote: zima, washa. Muombe dakika tano. Ukiizima seva sasa hivi, huenda simu zikarudi, lakini utakuwa umefuta ushahidi wote. Idadi ya simu zilizokuwa hewani, pakiti zilizopotea katika kila simu, foleni ya kazi zilizokwama: vyote hivyo vinakaa kwenye RAM, na vinaondoka na umeme. Jumatatu ijayo utaitwa tena kwa tatizo lilelile, na bado hutajua chanzo chake.

Ninazungumzia seva ya simu inayoendeshwa na Asterisk, iwe imefungwa peke yake au ndani ya FreePBX (Asterisk yenye kurasa za kuiendesha kwa kivinjari), kwa sababu ndiyo ninayoihudumia kila siku. Amri ninazotaja ni za PJSIP, sehemu ya Asterisk inayoshughulikia SIP, yaani lugha ambayo simu za intaneti hutumia kupigiana. Kama seva yako bado iko kwenye chan_sip, sehemu ya zamani ya kazi hiyohiyo, utatumia `sip show peers` na ndugu zake, lakini anza kupanga kuhama, maana chan_sip iliondolewa kabisa kuanzia toleo la 21 la mwaka 2023.

Dakika tano za ushahidi

Andika hizi kwenye faili moja la script, ulihifadhi kwenye seva kabla siku mbaya haijafika:

```
f=/root/hali-$(date +%F-%H%M).txt
(date; uptime; free -m; df -h; df -i; vmstat 1 5) > $f
asterisk -rx "core show channels count" >> $f
asterisk -rx "pjsip show channelstats" >> $f
asterisk -rx "pjsip show contacts" >> $f
asterisk -rx "pjsip show registrations" >> $f
asterisk -rx "core show taskprocessors" >> $f
```

Kisha iendeshe siku ambayo kila kitu kiko sawa, saa nne asubuhi, ofisi ikiwa imechangamka. Faili hilo la siku ya afya litakufaa kuliko kifaa chochote cha kununua. Namba 180 kwenye foleni haikuambii kitu kama hujui kwamba kwa kawaida huwa 0. Na ukiona `core show channels count` inasema chaneli 24 na simu 12, usishtuke: simu moja ya watu wawili hutumia chaneli mbili.

Jambo moja limeshawapotezea vijana wengi nusu siku nzima. Mtumiaji akikuambia simu zilianza kusumbua "saa tatu", anamaanisha 09:00. Lakini seva nyingi hufungwa zikiwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa hiyo kwenye logi unatafuta 06:00. Nimemkuta kijana akipekua mistari ya 03:00, saa tisa usiku ya UTC, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba seva haikuwa na tatizo lolote. Kabla ya kufungua logi, andika `date` uone seva yenyewe inaishi kwenye saa gani.

Sauti inakatikakatika

Hili ndilo lalamiko la kwanza popote, na ndilo linalosingiziwa seva kuliko yote. Uliza swali moja kabla ya kugusa kibodi: je, wakipigiana wao kwa wao humo ndani ofisini, sauti inakatika? Kama ya ndani ni safi na ya nje ndiyo inakatika, seva haina kesi bado. Angalia njia ya intaneti.

Fanya hesabu. Kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hubeba sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde, lakini sauti hiyo hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti huvikwa vichwa (taarifa za kuifikisha inakokwenda) vya RTP, UDP, IP na Ethernet. Ikifika kwenye waya imeshakuwa kilobiti 87 hivi. Simu 20 kwa pamoja ni takriban megabiti 1.75, kwenda na vilevile kurudi. Watu huangalia kasi ya kupakua wakatulia, ilhali kinachowaumiza ni kasi ya kupandisha. Ofisi moja niliyoihudumia ilikuwa ikikatikakatika kila siku kuanzia saa kumi jioni. Chanzo kilikuwa kompyuta ya mhasibu, iliyokuwa ikipandisha nakala za mafaili yake kwenda kwenye wingu saa hiyohiyo na kuijaza njia yote ya kutokea.

Simu ikiwa hewani, tazama `pjsip show channelstats`. Kila mstari una pande mbili, zilizopokelewa na zilizotumwa, na kila upande una idadi ya pakiti, zilizopotea, asilimia na jita. Jita ni tofauti ya kuwahi na kuchelewa kwa pakiti, yaani zinakuja kama daladala za jioni, tatu kwa mpigo kisha kimya. Upotevu ukipita asilimia 1, sikio linaanza kusikia. Jita ikizidi milisekunde 30 mfululizo, tarajia malalamiko. Upande wa zilizopokelewa ndio wa kuuamini kwa haraka, kwa sababu seva imehesabu yenyewe. Upande wa zilizotumwa unategemea ripoti za RTCP (taarifa za hali ya sauti) kutoka kwa mwenzako, na vifaa vingine havitumi ripoti hizo kabisa, hivyo sifuri huko inaweza kuwa na maana ya "sijui".

Ukithibitisha kuwa njia imejaa, dawa iko kwenye rauta: pakiti za sauti zipewe alama ya DSCP 46, ziwekwe foleni ya mbele, na upandishaji wote uwekewe kikomo chini kidogo ya kasi unayoilipia. Kuongeza bando bila kupanga foleni kunaahirisha tatizo hadi mhasibu wa pili apate kompyuta.

Kuna hali nyingine ambayo watu huiita kukatika, kumbe ni kuchelewa. Wawili wanaanza kuongea pamoja, wananyamaza pamoja, halafu wanaanza tena pamoja. Pendekezo la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) la G.114 linasema sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, mazungumzo mengi yataenda vizuri. Ikifika 400 hali haikubaliki kwa mipango ya kawaida. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota, na data ikalazimika kuzunguka njia ndefu. Ofisi ambayo mtoa huduma wake wa SIP yuko Ulaya haina pa kukimbilia siku kama hiyo, hata seva yake ikiwa mpya kabisa. Ndiyo maana nashauri laini za nje zichukuliwe kwa mtoa huduma aliye nchini, na ya ughaibuni ibaki kuwa akiba.

Na kama sauti inakatika hata ndani kwa ndani? Hapo angalia swichi na nyaya kwanza, kisha seva yenyewe. Kwenye `vmstat`, safu ya `wa` inaonyesha prosesa ikisubiri diski. Ikipanda kila mara simu nyingi zinaporekodiwa, diski inachelewa, na sauti inachelewa pamoja nayo. Kubadili kodeki katikati nako kunakula prosesa: simu ikiingia kwa G.729 na kutoka kwa G.711, seva inatafsiri kila kipande. Ruhusu kodeki moja pande zote mbili, mzigo huo utaondoka.

Mmoja anasikia, mwingine hasikii

Kelele ya simu ikilia na mtu akapokea, ujue ishara za SIP zimefika salama. Sauti husafiri kivyake, kwa RTP, kwenye bandari ambazo Asterisk huzipanga kati ya 10000 na 20000 usipozibadilisha. Sauti ya upande mmoja karibu kila mara ni suala la NAT, yaani rauta kubadilisha anwani za ndani kuwa ya nje: seva imemwambia mwenzake "niletee sauti kwenye 192.168.1.10", na anwani hiyo haipo nje ya ofisi yako.

Fungua `sngrep` (programu ya kuona ujumbe wa SIP), chagua simu yenye tatizo, tazama mstari unaoanza na `c=IN IP4`. Ukiona anwani ya ndani kwenye ujumbe unaoelekea nje, umempata mhusika. Jaza `external_media_address`, `external_signaling_address` na `local_net` kwenye sehemu ya transport ya mipangilio ya PJSIP. Kwa simu zilizo nje ya ofisi, weka `rtp_symmetric`, `force_rport` na `rewrite_contact` ziwe `yes`, na `direct_media` iwe `no`. Kisha ingia kwenye rauta uzime kitu kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kusaidia, lakini hubadilisha anwani ndani ya ujumbe kwa namna yake, na mara nyingi ndicho chenyewe kinachoharibu.

Simu inakata kwa muda uleule

Mtu akikuambia simu zinakata "ovyo ovyo", mpe saa. Mwambie apige simu tatu na aandike sekunde. Muda wa kukata ni jina la ugonjwa.

Sekunde 32. Simu inaingia, mnapokea, mnaongea vizuri kabisa, halafu kwenye sekunde ya 32 inakata. Ilivyo ni hivi: seva ikipokea simu hutuma ujumbe wa 200 OK, na upande wa pili unapaswa kujibu kwa ACK. ACK isipofika, seva hurudia 200 OK baada ya nusu sekunde, kisha sekunde moja, mbili, nne, na kuendelea kila baada ya nne. Kipimo cha msingi cha SIP ni milisekunde 500, na seva husubiri mara 64 ya hiyo, yaani sekunde 32, halafu hukata. Sauti haikuwa na shida, ndiyo maana watumiaji wanachanganyikiwa. Kwenye `sngrep` utaona 200 OK imejipanga ngazi nzima bila jibu. Tazama kichwa cha `Contact` ndani yake: mara nyingi kina anwani ya ndani, na ACK ya mtoa huduma imetumwa mahali pasipokuwepo. Dawa ni ileile ya `external_signaling_address` na kuzima SIP ALG.

Dakika 15. Hii huwatesa wanaofanya mikutano mirefu. SIP ina utaratibu wa kuulizana katikati ya simu kama bado mpo. Muda wa kawaida ni sekunde 1800, na mwenye zamu ya kuuliza hufanya hivyo ukifika nusu, yaani sekunde 900. Fayawoli ikiwa imeshasahau simu hiyo, swali halifiki, na aliyeuliza anakata. Zamu ikiwa ya upande wa pili na swali lake likapotea, kukata kunakuja karibu na dakika 30. Jaribu `timers=no` kwenye endpoint (mipangilio ya laini) ya mtoa huduma huyo pekee. Simu zikipita dakika 15 bila kukata, umeshathibitisha, na sasa unaweza kurekebisha fayawoli kwa utulivu.

Ikikata nusu dakika baada ya mtu kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, tazama `rtp_timeout`. Simu nyingine zikinyamazishwa huacha kabisa kutuma pakiti, na seva hudhani mtu amekufa.

Simu za mezani zinapotea na kurudi

Kwenye `pjsip show contacts`, simu nzima huonyesha `Avail` na muda wa majibu kwa milisekunde. Zikipotea zile za nje ya ofisi peke yake, rauta ya huko inafunga tundu la UDP mapema. Ziko zinazolifunga baada ya sekunde 30 za kimya. Weka `qualify_frequency` iwe 25 ili tundu libaki wazi. Zikipotea zote za ghorofa moja, acha seva, panda uangalie swichi.

Hali inayowashangaza wengi ni hii: intaneti imekatika, na simu za ndani nazo zimekufa, ingawa mlinzi wa getini na mapokezi wako kwenye waya mmoja. Seva inatafuta jina la mtoa huduma kwenye DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) iliyo nje. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 kwa kila seva ya DNS, kisha hurudia raundi ya pili, na wakati wote huo kazi nyingine zinarundikana nyuma yake. Chan_sip iliumia sana kwa hili. PJSIP inastahimili zaidi, ila haijapona kabisa. Weka DNS ndogo ya ndani, kama Unbound, kwenye seva hiyohiyo, na kwenye `/etc/resolv.conf` ongeza `options timeout:1 attempts:1`. Halafu lijaribu jambo hili mwenyewe: jioni ofisi ikiwa tupu, chomoa waya wa intaneti, piga simu kutoka chumba kimoja hadi kingine.

"Laini zote zina shughuli"

Logi itasema `Everyone is busy/congested at this time`. Soma namba ya jibu la SIP kabla yake: 403 ni kukataliwa, mara nyingi salio au nywila, 488 ni kutokubaliana kodeki, 503 ni mtoa huduma kulemewa au wewe kuzidi chaneli ulizonunua.

Kama ni chaneli, usikisie. Mdenmark Agner Krarup Erlang alishatuhesabia tangu 1917. Ofisi inayopata simu 60 kwa saa, kila moja dakika 3, ina dakika 180 za maongezi ndani ya dakika 60, yaani erlang 3. Wengi wangenunua chaneli 3 au 4 na kushangaa wateja wakilalamika. Kwa kanuni yake, ili mteja mmoja tu katika mia akutane na laini zilizojaa, unahitaji chaneli 8.

Seva yenyewe imelemewa

Dalili ni kwamba kila kitu kinachelewa: unabonyeza namba, kimya sekunde tatu, ndipo inaita. Anza na diski, kwa sababu ndiyo muuaji wa kimyakimya. Rekodi ya WAV ya kawaida ni baiti 16,000 kwa sekunde, karibu megabaiti 58 kwa saa. Wahudumu 10 wakiongea saa 5 kila mmoja ni karibu gigabaiti 2.9 kwa siku, na diski ya gigabaiti 500 haimalizi miezi sita. Ikijaa, hifadhidata inashindwa kuandika, ujumbe wa sauti unapotea, na logi zinaacha kuandikwa wakati unapozihitaji zaidi. Ndiyo maana script ina `df -i` pia: mafaili madogo milioni yanaweza kumaliza inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) huku `df -h` ikionyesha nafasi tele.

Kisha tafuta kwenye logi maneno `task processor queue reached 500 scheduled tasks`. Hilo ni onyo la kulipa uzito. Maana yake kazi zinaingia haraka kuliko zinavyotoka, na PJSIP ikifika hapo huacha kupokea maombi mapya hadi foleni ipungue. Usikimbilie kununua prosesa. Mara nyingi prosesa inapumzika, na kinachosubiriwa ni hifadhidata iliyo mbali, au DNS tuliyoizungumzia.

Sababu nyingine ya mzigo ni wageni wasioalikwa. Logi ikijaa `No matching endpoint found` kutoka anwani usizozijua, au jina la kifaa likisomeka `friendly-scanner`, kuna mtu anabisha mlango namba kwa namba. Funga bandari 5060 kwa kila anayetoka nje isipokuwa mtoa huduma wako, weka fail2ban (programu inayofungia anwani zinazobisha hovyo), na zuia simu za kimataifa usiku kama ofisi haizihitaji. Wizi wa simu hufanyika Jumamosi saa nane usiku, na bili inakuja Jumatatu.

Nini kikuamshe usiku

Zabbix au Prometheus vitakuchorea grafu za kila kitu, na kila kitu kikipiga kengele utazima kengele zote. Mimi nimebaki na chache: diski ikifika asilimia 80, laini ya mtoa huduma ikitoka kwenye `Registered`, foleni ya kazi ikipita 100 kwa dakika mbili, upotevu wa pakiti ukipita asilimia 2, na simu hewani zikiwa 0 kwa dakika 15 mfululizo saa za kazi. Hiyo ya mwisho imeniokoa kuliko zote. Seva inaweza kujibu ping vizuri, prosesa ikawa asilimia 3, kila taa ikawa ya kijani, na hakuna simu hata moja inayoingia.

Ongeza na simu ya majaribio. Kila dakika 10 laini ya nje ipige namba ya ofisi, iingie kwenye ekstensheni yenye `Echo()`, itume mlio na kusubiri urudi. Usiporudi, tahadhari itumwe kwa SMS kupitia modemu ya GSM iliyochomekwa kwenye mashine nyingine kabisa, yenye betri yake, isiyopita kwenye intaneti ya ofisi wala kwenye seva unayoilinda. Na kila tarehe mosi, angalia salio la ile laini ya SIM.